Kadi ya Maoni Aliyoijaza Mama

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulipita korido ile kila asubuhi ukienda kunywa chai, taulo begani, na yeye alikuwa pale pale, amejibana ukutani na toroli lake la mashuka ili wewe upite. Akakuamkia. Ukaitikia huku unaangalia picha ya ua iliyotundikwa ukutani, utadhani ua ndilo lililokusalimu. Miaka kumi watu kama wewe mmeiangalia picha ile. Basi leo kaa hapo, utazame huku.

Yule ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya starehe. Vyumba kumi na vinane kila asubuhi, mkataba wa miezi tisa bila siku hata moja ya kupumzika, kisha wiki sita nyumbani, kisha anarudi tena. Na mimi nilifua mashuka kwenye meli nyingine, ya kampuni nyingine, miaka minane, kule chini kabisa ambako hakuna dirisha. Shule sikwenda ya maana. Kusoma nilijifunza kwenye magunia ya sabuni. Nilipoyamaliza magunia nikausoma mkataba wangu, na nilipousoma kwa sauti mbele ya wenzangu, niliteremshwa bandari iliyofuata. Naikumbuka siku, naikumbuka saa, naikumbuka rangi ya tai ya aliyenipa barua. Sisahau mimi. Ndio ugonjwa wangu.

Kampuni ya mdogo wangu ina desturi yake. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi, watu watatu wa familia yake wanapandishwa melini wiki nzima, bure, kama abiria. Wanaiita safari ya shukrani. Mdogo wangu akatuandikisha: mama, shangazi na mimi.

Mama hakuuliza kuhusu bwawa la kuogelea wala muziki. Alitaka kitu kimoja. "Nataka nimwone anakula amekaa," alisema.

Usicheke. Mdogo wangu hata akiwa likizo nyumbani anakula amesimama, ameegemea sinki la jikoni, kijiko mkononi, macho mlangoni. Miaka kumi ya kula hivyo. Ukimvutia kiti anasema, "Nimeshamaliza mama," na kweli ameshamaliza. Mama anabaki mezani na sahani yake, peke yake.

Basi mimi nikawa mwalimu wa safari. Nilikaa nao sebuleni, sanduku liko wazi katikati, nikawafundisha yote niliyoyajua. Kwamba waombewe chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko meli haiyumbi sana. Kwamba tumbo likianza kuchafuka usijilaze, toka nje ukatazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Kwamba dawa na nguo za kubadili ziwe kwenye mkoba wa mkononi, sababu masanduku hufika vyumbani yamechelewa.

"Na choo kinamwaga wapi?" akauliza shangazi.

"Shangazi, kuna mashine."

"Mashine inamwaga wapi?"

Huyo ndiye dada wa marehemu baba, tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Mama akamwambia, "Wifi, wewe nenda ukaangalie mwenyewe, halafu ututangazie."

"Nitatangaza, wifi. Na wewe nitakutangaza ukitapika."

Hata hivyo mimi ndiye niliyewapandisha ile ngazi nimewashika mikono, na siku ile walifurahi. Kwenye zoezi la dharura shangazi alivaa jaketi la kujiokolea mgongo ukiwa mbele, akagoma kulivua: "Kama nitaelea kinyumenyume, nitaelea." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimcheka shangazi mimi pia. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Korido yetu ilikuwa korido ya mdogo wangu. Msimamizi wake alikuwa ameiacha hivyo makusudi, ili binti amhudumie mama yake mwenyewe. Aliona ametupa zawadi. Asubuhi ya kwanza mlango uligongwa, mdogo wangu akaingia amevaa sare, nywele zimebanwa nyuma, akasema kwa ile sauti ya kazi, "Habari za asubuhi, niwasafishie chumba?" Mama alikuwa kitandani. Alivuta shuka mpaka kidevuni kama mtu aliyefumaniwa.

"Ondoka mwanangu," akasema. "Siwezi."

"Mama, ndiyo kazi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kutandika kitanda, leo unitandikie mimi nikiangalia?"

Nikauliza kama tunaweza kula naye mchana ule, hata kwenye kona. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Mfanyakazi kusalimia familia yake ruksa. Kukaa sehemu za abiria, hapana. Hata kiti cha korido, hapana. Wiki ile ya shukrani mama angemwona mwanawe kila siku, amesimama.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na maji bafuni. Vyumba vyetu vilikuwa na mlango wa kati. Nikachungulia. Mama, miaka sitini na nane, amepiga magoti anasugua sakafu ya bafu kwa taulo dogo. Kitanda chake alishakitandika, na cha shangazi pia, huku shangazi mwenyewe kasimama pembeni anazuiwa asikae juu yake. Taulo zimefuliwa kwa mkono, zinaning'inia. Taka zimefungwa.

"Huyu wifi yangu ana wazimu," shangazi aliniambia. "Tumetoka kwetu kuja kufanya usafi wa watu."

Mdogo wangu alipoingia na toroli hakuona la kufanya. Alizunguka chumba, akainua shuka, akalirudisha. "Mama, unaniharibia kazi," akasema, lakini alikuwa anacheka.

"Chumba hiki unakimaliza kwa muda gani?"

"Dakika kumi na mbili. Ndivyo walivyotupangia."

"Basi dakika kumi na mbili ni zangu." Mama akafunga mlango. Akavuta kiti. Kwenye leso alikuwa na mikate miwili, yai la kuchemsha na ndizi, vyote alivyovibeba toka chakula cha jana kule juu. "Kaa."

Mdogo wangu aliutazama mlango. Akakitazama kiti. Akakaa.

Alikula yai lile kama mtoto, kwa mikono miwili. Mama naye akala ndizi, taratibu, makusudi, ili wasimalize upesi. Halafu akamshika vidole. Vilikuwa vimepasuka kwenye viungo, kwa dawa za kusafishia, mipasuko myembamba yenye damu iliyokauka. Mama akampaka mafuta yake ya mgongo, yananuka kweli. Shangazi akasimama mlangoni kama askari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza dakika kumi na mbili.

Ilikuwa hivyo siku tano. Sijawahi kumwona mama na furaha vile. Tulipokwenda juu kwenye muziki alikuwa anapiga makofi. Watu wa meza ya jirani walimuuliza kitu gani kimempendeza zaidi melini. Akajibu, "Chai ya chumbani," nao wakashangaa, kwa sababu chumbani hakuna chai.

Siku ya mwisho kabla ya kushuka, mchana, tukaikuta kadi juu ya mto. Kadi ya maoni. Safari yako ilikuwaje, mhudumu wako alikuwaje, una la kuongeza?

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu hapa sitakulaumu wewe.

Mama alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini na mbili, kwenye darasa la watu wazima, daftari moja na penseli. Anasema kalamu hakuipata kirahisi, haitumii kwa uongo. Alikaa na ile kadi karibu saa nzima, ulimi ukitokeza kidogo kwenye kona ya mdomo. Kisha akanipa nisome. Nayakumbuka maneno yote:

"Chumba kilikuwa kizuri. Kila siku nilitandika mwenyewe na kuosha bafu, na binti yangu alikaa akala dakika kumi na mbili. Baada ya hapo alifanya kazi kwa furaha. Naomba wahudumu wote wapewe dakika hizo. Vidole vyao vinapasuka."

Shangazi alisoma juu ya bega langu. "Wifi, chana hiyo," akasema. "Andika chakula kilikuwa kitamu, basi. Hawa watu humjui hata mmoja."

Mama akanigeukia mimi. "Haitamletea mwanangu shida?"

Nami nilijua. Nakwambia nilijua! Miaka minane kule chini niliziona kadi zile zinapoishia. Zinasomwa jioni ile ile, na chochote kisicho sifa tupu kinatafutiwa mtu wa kukibeba. Lakini niliposoma yale maneno, kwa mwandiko ule wa penseli nzito, kifua kilinijaa. Miaka yote nimetafuta mtu wa juu aseme neno kwa ajili ya watu wa chini, na mtu huyo alikuwa mama yangu. Sikumfikiria mdogo wangu. Niliifikiria kadi.

"Mama," nikasema, "usifute hata nukta. Wewe ni abiria. Abiria anasikilizwa."

Akaamini. Nilikuwa mwalimu wa safari.

Shangazi Redio, niliyemcheka na jaketi lake, ndiye aliyekuwa na akili chumbani mle siku ile. Mimi niliibeba ile kadi kwa mkono wangu mpaka mapokezi nikaitumbukiza kwenye sanduku.

Asubuhi ya kushuka mama alikuwa ameshaandaa mkate na yai. Mlango ukagongwa, akaingia msichana mwingine, hatumjui, macho chini. Mama akamuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Msichana akasema, "Sijui mama," akaanza kutandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa.

Tulimwona kwenye ngazi ya kushukia. Amevaa nguo za nyumbani, sanduku lake limefungwa mkanda, msimamizi amesimama nyuma yake mpaka mguu wake ukagusa gati. Mimi nilisimama pale pale. Lakini mama alikwenda mbio, miaka sitini na nane, mbio.

"Wamekupa likizo!" alipiga kelele. "Wameisoma kadi yangu!"

Mdogo wangu alinitazama mimi kwanza. Kisha akamkumbatia mama.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wameisoma."

Wiki mbili mama aliishi na likizo ile. Alipika, aliita majirani, alisimulia jinsi kampuni ilivyomsikiliza. Kila nilipofungua mdomo mdogo wangu alinikanyaga mguu kwa siri. Halafu siku moja mama akafua suruali ya binti yake, na kama kawaida yake akapekua mifuko kabla ya kuloweka. Barua ilikuwa imekunjwa mara nne. Anajua kusoma, nimeshakwambia. Alisoma amesimama kwenye beseni: mfanyakazi ameachishwa kazi kwa kukaa ndani ya chumba cha abiria saa za kazi na kumwachia abiria majukumu yake, kwa mujibu wa maelezo ya abiria mwenyewe.

Hakulia. Aliikunja mara nne, kwenye mikunjo ile ile, akaiweka juu ya dirisha isilowe, akamaliza kufua.

Nilimwambia ni mimi. Nilipiga magoti nikamwambia. Akasema, "Mkono ulioandika ni wangu," akaondoka.

Mwezi uliofuata nilimpeleka zahanati. Mpokezi akamsogezea karatasi na kalamu, aweke sahihi. Mama akaitazama kalamu. Akaomba wino, akakandamiza kidole gumba, akajifuta kwenye kanga. Toka siku ile ndivyo anavyofanya kila mahali. Daftari lake la darasani limo chini ya godoro, na penseli imo ndani yake.

Na mdogo wangu yuko nyumbani, kutwa. Muda wote duniani anao. Viti vinne viko mezani. Anakula amesimama kwenye sinki, macho mlangoni, na mama amekaa na sahani yake, na hakuna anayemwambia mwenzake kaa.

Sasa wewe. Uko melini hivi sasa, au sanduku lako liko wazi sebuleni na kuna mtu anakufundisha usijilaze tumbo likichafuka. Yule msichana aliyetandika kitanda kilichotandikwa bado yuko koridoni. Usimwandikie kadi. Usimtaje jina, usimtaje namba ya korido, kosa langu usilirudie. Nenda kwenye meza yako ya chakula, wasimamishe wote ulio nao, kisha meza ya pili, kisha ya tatu. Mshuke pamoja mpaka mapokezi, muombe karatasi moja kubwa, muandike jambo moja: wahudumu wapewe muda wa kukaa na kula. Ikabidhini kampuni, na chini muweke majina yenu na namba za vyumba vyenu, nyote. Mama mmoja akiandika, wanamtafuta binti yake. Meli nzima ikiandika, watamtafuta nani?

Acha kuangalia ua ukutani. Toroli linakuja. Inuka.