Nyota Moja ya Palo Hondo

Kwenye njiapanda ya jangwa la Arizona simu ya Arlys ilishika mtandao kidogo, naye akasimamisha gari-nyumba papo hapo, nusu barabarani. Lilikuwa gari refu la kulala na kupikia, na nyuma lilikokota gari dogo la kwendea dukani. Mumewe Verlyn alikuwa amesinzia kwenye kiti cha abiria, mrija wa oksijeni puani, mashine yake ikikoroma taratibu miguuni. Kioo cha mashine kilionyesha dakika mia moja na tano za betri.

Dakika hizo ndizo zote walizokuwa nazo. Jenereta ilikuwa imegoma tangu juzi, betri ya akiba ilikuwa tupu, na waya wa kuchajia kwenye soketi ya gari Verlyn mwenyewe aliukata asubuhi ile kwa kuuburuzia kiti. Daktari wa mapafu alikuwa akiwasubiri Tucson kesho, lakini kesho ilikuwa mbali. Arlys alihitaji kambi ya magari-nyumba yenye umeme wa uhakika, aipate leo, aipate sasa.

Kambi zilikuwa mbili. Palo Hondo ilikuwa kushoto, maili kumi na mbili tu. Copper Quail ilikuwa kulia, maili hamsini za kupanda mlima. Alipiga simu kote kuwili, zikaita weee, hakuna aliyepokea. Akabaki na maoni ya wasafiri mtandaoni, na hayo nayo yalikuwa yakigombana yenyewe kwa yenyewe.

Mmoja aliipa Palo Hondo nyota tano na kusema kwa miaka tisa hajaona taa ikipepesa. Anayefuata, aliyejiita Mwewe wa Dakota, aliipa nyota moja, tena kwa shingo upande. Maji yananuka mayai viza, aliandika. Umeme hukatika mara tatu kwa siku. Bafuni nilikuta nge wawili, mmoja kajikunja ndani ya taulo langu la bluu. Chini yake walijipanga wengine kumi wa nyota moja, wote wakilia kilio kilekile.

Copper Quail ilisifiwa na wengi. Wachache tu walilalamika kuhusu umeme, tena kwa maneno matatu matatu.

Arlys alikaa ofisi ya shule miaka thelathini akisikiliza watoto wakidanganya, na aliamini kwamba mwongo hahangaiki na rangi ya taulo. Akamwamini Mwewe. Akakata kona kulia.

Mlima ulikuwa mkali na gari lilikuwa zito. Mtandao ulikufa kwenye kona ya kwanza. Arlys aliendesha jicho moja barabarani, jicho moja kwenye kioo cha mashine. Joto lilikuwa linaila betri kuliko ilivyopaswa. Walipomaliza maili ishirini zilikuwa zimebaki dakika hamsini na tatu.

Verlyn akaamka. "Mbona tunapanda? Tunakwenda wapi, mama?"

"Copper Quail. Wewe lala tu, usimalize pumzi kwa maswali."

"Copper Quail? Mwezi wa saba?" Akajiinua. "Arlys, pale nimekaa mimi. Watu wakiwasha viyoyozi mchana, umeme unalala chali. Hauwezi hata kuchemsha chai. Umeiacha Palo Hondo?"

"Nimeiacha ndiyo. Hukusoma wanavyoisema? Maji yananuka, umeme unakatika, nge wamejaa bafuni. Kuna mtu kakuta nge kwenye taulo lake!"

Verlyn akageukia dirishani. Kisha akasema polepole, "Taulo la bluu."

Arlys akakanyaga breki.

"Usinitazame hivyo," Verlyn alisema. "Ilikuwa zamani, kabla sijakuoa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, kila baridi ikianza kwetu tunakimbilia pale. Pazuri sana, Arlys. Basi watu wakaanza kupajua, tukaja mwaka mmoja tukakuta nafasi zetu zimechukuliwa. Jioni tukakaa, tukakubaliana kila mtu aandike ubaya uleule. Watu wa kambi wote hufanya hivyo, wakipata mahali pao hupachafulia jina ili wabaki napo."

"Na Mwewe wa Dakota?"

"Mimi."

"Na umeme?"

"Haujazima hata siku moja."

Hasira ilimpanda Arlys mpaka masikio yakamwasha. Angekuwa na muda angelia, au angemrushia kitu. "Mzee mzima!" alisema. "Umekaa, umefikiria, ukaenda kumtafuta nge wa kumtia kwenye taulo!"

"Nilitaka ionekane kweli."

"Imeonekana! Hongera!"

Mbele kulikuwa na maili thelathini za mlima kuelekea umeme unaolala chali. Nyuma kulikuwa na maili thelathini na mbili mpaka Palo Hondo. Lakini barabara ilikuwa nyembamba, na gari-nyumba linalokokota gari dogo halirudi nyuma hata hatua kumi, litajikunja na kuvunja vyuma. Kila mtu wa kambi anajua hilo. Arlys alizima injini, akachukua nyundo, akashuka kulifungua gari dogo.

Chuma kilimchoma viganja. Pini ya kwanza ilitoka, ya pili ikagoma. Akaipiga, akaitukana, akaipiga tena. Dakika kumi na nne zilikwenda na pini ile. Alipomhamishia Verlyn kwenye gari dogo, midomo yake ilikuwa imeanza kuiva zambarau, na kioo kilisema thelathini na sita. Gari-nyumba aliliacha pembeni, mlango hata hakuufunga.

Aliteremka mlima ule kwa mwendo ambao angemkataza mtu mwingine yeyote. Kwenye njiapanda zilibaki dakika kumi na mbili. Maili mbili kabla ya kufika, mashine ikaanza kupiga kelele.

Lango la Palo Hondo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kibao kilisema: Kambi imefungwa kabisa. Asanteni kwa miaka ishirini na sita.

Arlys alipiga honi bila kuondoa mkono. Mwanamke wa miaka sitini hivi alitoka kwenye nyumba ndogo nyuma ya lango, akiifuta mikono yenye unga wa chapati za tortilla.

"Umeme!" Arlys alipiga kelele. "Mume wangu, oksijeni, nakuomba dada!"

Yule mwanamke hakuuliza hata jina. Alitupa mnyororo chini, akakimbia mbele ya gari mpaka kibarazani, akapitisha waya mrefu kwenye dirisha la jikoni. Arlys akachomeka. Kelele zikakoma, mashine ikaanza kukoroma. Wote watatu waliisikiliza, na rangi ikamrudia Verlyn kidogokidogo.

"Mimi Ofelia," mwanamke alisema hatimaye. "Kambini umeme niliukata Machi. Umebaki wa nyumbani tu. Ningeukata na huo, mngekuta nimeshakwenda kwa binti yangu."

"Kwa nini mlifunga?" Arlys aliuliza, na mara akatamani asingeuliza.

"Watu waliacha kuja." Ofelia alikaa kwenye ngazi. "Mume wangu alikuwa akisoma maoni kila asubuhi. Kuna mmoja alisema maji yetu yananuka mayai viza. Basi mume wangu hakulala. Alifukua mabomba yote, mara mbili, kwa mikono yake, akitafuta harufu. Kila mgeni alimpa glasi ya maji, akamwambia nusa, nusa uniambie. Alikufa mwaka juzi bado anaitafuta."

Arlys alimtazama mumewe. Hakumwonyesha ishara yoyote. Kukaa kimya kulikuwa rahisi, na waya ulikuwa wa Ofelia, umetoka dirisha la Ofelia.

Verlyn alikuwa akitazama viatu vyake. "Jina lake," alisema, akatafuta pumzi, "aliyeandika. Mwewe wa Dakota."

"Umeyasoma?"

"Ni mimi. Hapakuwa na harufu. Nilitaka nafasi yangu isichukuliwe."

Ofelia alimtazama, akautazama waya, akainuka na kuingia jikoni. Arlys alisimama. Kupitia dirishani aliuona mkono wa Ofelia ukipita karibu kabisa na soketi.

Bomba likafunguliwa, likafungwa. Ofelia akatoka na glasi ya maji iliyojaa mpaka ukingoni, akampa Verlyn mkononi.

"Kunywa," alisema. "Lakini nusa kwanza."