Kabati la Shangazi Mshonaji

Filamu ya kwanza ya Mkato ilikuwa ya kutisha, na darasa zima lilicheka mpaka mmoja akadondoka kitini. Alikuwa ametia kila kitu: barakoa yenye pembe, moshi, chupa mbili za sosi ya nyanya, na mzimu uliotokea mara kumi na moja katika dakika mbili. Mwalimu wa filamu alijifuta machozi akasema, "Kijana, kichekesho kizuri sana hiki. Sasa niletee mwanzo wa filamu ya kutisha. Dakika mbili, Ijumaa. Wakicheka tena, unarudia mwaka."

Mwaka huo wenyewe alikuwa anaurudia. Baba yake, fundi wa friji, alishamaliza maneno: "Ukifeli tena, unavaa ovaroli unakuja karakana." Mkato alizichukia friji. Hata ya nyumbani aliifungua kwa kinyongo.

Jina la Mkato alipewa na wenzake kwa ajili ya ugonjwa wake. Hakuweza kuiacha picha itulie. Mtu akiinua kikombe, kabla hakijafika mdomoni yeye keshapiga kelele, "Kata!" Katika filamu zake zote, hakuna aliyewahi kufanikiwa kunywa chai.

Jumatano mchana walikutana chumbani kwa shangazi yake, mshonaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kabati la kumtosha mtu mzima. Madirisha wakayaziba kwa mablanketi. Mkato alishika kamera. Sikio, mtu wa sauti, alifunga maiki kwenye mpini wa dekio. Mwigizaji alikuwa Machozi, binti anayelia akiambiwa alie na kukauka akiambiwa basi, kama bomba. Mzimu ungechezwa na shangazi mwenyewe, kwa sharti kwamba makoti ya wateja yasitolewe kabatini.

Kazi ilikuwa nyepesi. Machozi anakaa mbele ya kioo, anachana nywele. Nyuma yake kabati linafunguka, mzimu unatoka. Basi.

"Anza!"

Kabati likafunguka. Shangazi akachungulia. "Hodi humu ndani!"

"Karibu, shangazi," akaitikia Machozi, akainuka kumpisha kiti.

"Kata! Kata! Shangazi, mzimu haubishi hodi!"

"Toka hapa! Nimtokee mtoto wa watu anachana nywele, kimya kimya kama mwizi? Mimi nimelelewa."

"Lakini umekufa, shangazi."

"Nimekufa, sijakosa adabu."

Mkato akamgeukia Machozi. "Na wewe! Mzimu unaukaribisha?"

"Mtu mzima abishe hodi nimnyamazie? Mama akiiona hiyo filamu nitamwambia nini?"

Walirudia mara tisa. Shangazi alijitahidi kweli. Mara ya nne alijibana midomo kwa vidole, hodi ikapitia puani. Naye Mkato alizidi kukata mapema, hadi mara ya tisa akakata kabla hajasema "Anza."

Sikio akavua spika zake za masikioni. "Ndugu yangu, nina dakika arobaini za sauti hapa. Zote ni wewe." Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji. "Piga funda. Usimeze, usiteme."

"Sasa nitasemaje kata?"

"Ndiyo maana yake."

Mara ya kumi Mkato alikaa nyuma ya kamera mashavu yamemvimba kama anayepuliza tarumbeta. Shangazi aliambiwa ahesabu hadi ishirini ndipo afungue. Lakini alikuwa ameshona tangu alfajiri, na humo ndani mlikuwa na giza, joto na makoti laini. Alipofika saba, usingizi ukamchukua.

Kamera ikaendelea. Machozi akachana nywele. Hakuna kilichotokea.

Mishipa ya shingo ilimsimama Mkato, lakini maji yalikuwa maji. Kwa mara ya kwanza maishani akaitazama picha moja kwa zaidi ya sekunde tatu, akaanza kuona. Aliona kabati ndani ya kioo, dogo, kwenye pembe. Akasikia kitana: kwaru, kwaru. Aliona Machozi akichana polepole zaidi, macho yakimponyoka kuelekea ile pembe, na hakuna aliyemwelekeza. Akaisogeza taa kwa mguu, kidogo kidogo, mpaka mlango wa kabati ukamezwa na giza.

Ndipo kabati likaanza kupumua. Pumzi nzito, ndefu. Halafu ikakatika.

Shangazi alikuwa ameamka gizani, hajui yuko wapi. Akagonga ubao kutoka ndani, mara tatu.

"Hodi?" Sauti ndogo, ya kuomba ruhusa ya kutoka.

Kitana kilimdondoka Machozi. Machozi yakamtoka bila kuambiwa. "Ka... karibu," akanong'ona.

Mlango haukufunguka. Kitasa kilitikisika, kikatulia.

Mkato akameza maji.

Ijumaa, hakuna aliyecheka. Ilipofika ile hodi, jitu zima la mstari wa mbele lilipandisha miguu kitini. Filamu ikaisha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka kuwasha taa. Mwisho Sikio akawasha.

Mwalimu akakohoa. "Nani alikuwa mle?"

"Shangazi yangu, mwalimu. Alilala."

"Usinieleze."

"Halafu akakwama," akadakia Sikio. "Tulimtoa kwa bisibisi."

"Nimesema msinieleze!" Mwalimu akajikung'uta shati. "Umepita. Nendeni."

"Naomba uniandikie, mwalimu," akasema Mkato. "Mzee keshanunua ovaroli."

Mwalimu akatoa kalamu, kisha akageuka kutazama nyuma. Daftari la alama lilikuwa kwenye kabati la chuma nyuma ya darasa. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo, upana wa kidole.

"Kalilete."

"Mimi?"

"Kwani alama ni za nani?"

Mkato akapiga hatua mbili. Alikuwa ameipiga picha ile kwa mkono wake, akamfungulia shangazi kwa mkono wake, wakanywa chai pamoja mpaka ikaisha. Alijua kila kilichokuwamo katika lile kabati la shangazi. Akasimama.

"Hata wiki ijayo si mbaya, mwalimu," akasema.