Koti la Wolf Creek

"Vuta pumzi, shemeji."

"Nimevuta."

"Basi itoe. Labda na tumbo litafuata."

Delmar Goins alicheka, na kicheko hicho kikakifyatua kifungo pekee kilichokuwa kimekubali kufungwa. Kikagonga kioo cha kabati, kikaangukia zuliani. Arvella Tibbs hakuinama kukiokota. Alikuwa amekwisha kuona alichohitaji kuona: mishono ya koti ilikuwa tupu. Akiba ya kitambaa ambayo fundi huiacha kwa ndani, vidole viwili kila upande, aliipunguza mwaka ambao Delmar alioa mara ya pili. Iliyobaki ilikwisha Delmar alipoacha sigara.

"Humu hamna kitu," alisema. "Umekila chote."

"Jumamosi ni keshokutwa, shem."

"Kalenda ninayo."

Jumamosi hiyo mji wa Dayton ungezindua jiwe la kumbukumbu kwenye kona ya Barabara ya Tatu, lenye majina ya wanaume tisa wa bendi ya Wolf Creek. Walipiga muziki wa fanki gerejini kabla redio hazijajua kuiita hivyo. Siku hizi vijana hukata vipande vya muziki wao na kuvibandika kwenye nyimbo zao. Mara nyingi Arvella, akiwa kwenye cherehani, aliisikia besi ya mumewe ikipita barabarani ndani ya gari la mtu asiyelijua hata jina la mpigaji. Kati ya wale tisa alibaki Delmar tu, na saksafoni yake.

Rangi ndiyo iliyowatambulisha. Mwaka sabini na nne Arvella alinunua jora zima la mahameli nyeupe, akalitia rangi ndani ya beseni lake la kuogea. Ilitoka zambarau ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza, na beseni halikurudi kuwa jeupe tena. Akashona makoti tisa. Kila baada ya onyesho aliyageuza ndani nje, akayanyunyizia vodka iliyozimuliwa kwa maji ili kuua jasho. Akina mama wa kanisani walipoziona chupa, walifunga siku tatu kumwombea mumewe aache pombe.

Wanaume hao walipeana ahadi: kila mmoja azikwe na koti lake. Saba walikwenda na makoti yao. Mwingine alikuwa Rosco, mpiga besi, mume wa Arvella. Naye alikwenda na lake. Ndivyo watu wote walivyojua.

"Nitavaa suti ya kanisani," Delmar alisema akilivua koti. "Nani atajali?"

"Ukisimama pale na suti ya kanisani utakuwa mzee mwenye saksafoni. Wamejaa mji huu."

"Ungekuwa na Rosco hapa ungenisema hivyo?"

Arvella aligeukia pasi, ingawa haikuwa na moto. "Liache hapo mezani."

Alipobaki peke yake aliingia chumbani, akasogeza makoti ya baridi, akatoa mfuko wa marikani uliojificha nyuma yake. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mtu wa nyumba ya mazishi alikuwa amesimama mlangoni, akisubiri nguo. Arvella hakupanga kumdanganya mtu. Alimnyooshea koti la zambarau, na mkono wake ukakataa kuliachia. Akampa suti ya kijivu, akaagiza jeneza lifungwe kabla wageni hawajafika. Delmar wakati huo alikuwa amelazwa Cincinnati kwa ugonjwa wa moyo.

Sasa alilitandaza koti hilo mezani kando ya la Delmar, akatafuta pa kukata. Pindo la chini lilikuwa jembamba. Mikono ilikuwa imepata upara kwa kusuguliwa na gitaa. Na mahameli ina manyoya, nayo hulala upande mmoja. Ukishona kipande kilichogeuzwa, mwanga wa jua utakisema mbele ya watu. Zilihitajika tepe mbili ndefu za kitambaa, upana wa vidole vinne kila moja, kutoka kwapani hadi chini, manyoya yakiteremka. Zingetoka mgongoni mwa koti la Rosco tu.

Alichora kwa chaki. Akafuta. Akala mkate mkavu kwa siagi, akanawa mikono mara mbili, akachora tena palepale. Mkasi ulipoingia, kitambaa hakikutoa sauti yoyote.

Jumamosi asubuhi vifungo vya Delmar vilifunga vyote. Akainua mikono kama mtu aliyeshika saksafoni, akaishusha. Kisha akapitisha kiganja chini ya kwapa, taratibu.

"Shem. Hii umeitoa wapi?"

Uongo ulikuwa tayari tangu Ijumaa: kipande kilichobaki, kilikuwa chini ya sanduku.

"Kwa Rosco," Arvella alisema.

Delmar alitazama dirishani. "Ulimzika na nini?"

"Suti ya kijivu."

"Otha wetu wa bendi alipokuwa anakata roho, nilimshika mkono nikamwambia, usiogope, Rosco anakungoja amevaa koti."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akachukua saksafoni yake. Mlangoni alisimama bila kugeuka. "Mimi usinifanyie hivyo. Nivalishe hili hili."

"Na nikikutangulia?"

Delmar akaufungua mlango. Akashuka ngazi akishikilia chuma cha pembeni, akawasha gari, akaondoka bila kumngoja.

Arvella alifika kwenye kona kwa miguu. Viti vilikuwa vimepangwa kulielekea jukwaa, na mtu wa manispaa alikuwa akisoma majina. Akaketi safu ya mbele. Alikuwa amevaa koti la Rosco, limefungwa vifungo vyote, mikono ikimfika kwenye ncha za vidole. Kwa aliyemtazama kutoka jukwaani halikupungua kitu. Waliokaa nyuma yake waliona nafasi mbili ndefu, na blauzi nyeupe ndani yake. Mwanamke mmoja aliinama, akamwekea mtandio begani. Arvella akaurudisha, akisema asante.

"Rosco Tibbs," alisoma yule mtu. "Besi."

Upepo wa Oktoba ulimwingia mgongoni. Juu jukwaani Delmar aliweka saksafoni mdomoni, akawatazama watu, akamwona Arvella ndani ya koti la Rosco. Akainua mguu kuhesabu mapigo, akauacha hewani.