Chai Kwanza

Tangu mume wangu apigwe na kiharusi, mkono wake wa kulia umelala na maneno yake yamechanganyikana. Akitaka kijiko, huomba mlango. Mdogo wake, shemeji yangu mwenye mdomo usio na breki, akaniambia mbele yake kana kwamba hayupo: "Shemeji, kubali tu. Ufundi umemtoka. Hizo spana zigawe."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. "Turbo ya gari letu aliifungua mwenyewe kabla hajaugua," nikamjibu, "na ataifunga mwenyewe. Njoo Jumamosi uone."

Nilijitia kitanzi. Mimi ni mshonaji. Dizeli naijua kwa harufu tu.

Jumamosi asubuhi nikamkalisha kwenye kiti uani, mbele ya gari. Turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, tulikuwa tumeiosha masizi yote, safi kama sahani. Yeye anaonyesha kwa kidole cha kushoto, mimi nafuata: gasketi mpya, kisha nati za nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Vidole vilivyozoea kutunga uzi vilizipata. Nikikosea, anaguna. Nikipatia, anaitikia kwa kichwa. Kitu kimoja tu hatukuelewana: kila nilipoushika mrija mwembamba wa oili, alinizuia. Mwishowe nikachoka, nikaufunga alipogeuka. Shemeji alikuwa mlangoni, mikono kifuani, akisubiri tuchemshe.

Nikaingia garini kuwasha.

"Chai!" mume wangu akapiga kelele. "Chai kwanza!"

Shemeji akacheka. "Umeona? Watu wanawasha gari, mwenzako anawaza chai."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaenda jikoni. Nilipomletea kikombe alikisukuma, chai ikanimwagikia gauni. Alikuwa analia kwa hasira. Akajivuta, akasimama kwa kushikilia gari, akaugonga ule mrija wa oili pale unapoingia kwenye turbo.

"Chai," akasema polepole. "Chai yake."

Hapo nikaelewa. Turbo iliyooshwa ni kavu. Ukiiwasha hivyo, inajisaga kabla oili ya injini haijaifikia. Ilitakiwa inyweshwe kwanza. Nikaufungua mrija, nikamimina oili safi kitunduni kidogo kidogo, mpaka akainua kiganja: basi.

"Kumbe," shemeji akasema, hacheki tena. "Mimi ningewasha."

Nikafunga, nikapiga stata. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Ule moshi mweusi tuliouzoea haukutoka. Mume wangu aliinamisha kichwa kusikiliza, na uso wake ulikuwa wa kazini, uso ambao sikuwa nimeuona kwa miezi minne. Nililia bila kujificha.

Shemeji akakohoa kidogo. "Kaka, na langu linafuka moshi. Nikuletee lini?"

Mume wangu akalitafuta neno. Alilitafuta muda mrefu, tukamngoja.

"Jana," akasema.

Nilifungua mdomo nimsahihishe, lakini shemeji akaniwahi.

"Sawa, kaka. Jana, saa mbili asubuhi, nitakuwa hapa."