Nizikeni Dunmire

Wimbo ulionipa jina ni "Nizikeni Dunmire." Niliuchana kama rap kwa banjo, lile gitaa la duara, nikiwa na miaka ishirini na mbili, mjinga kabisa, nikiapa kwamba siondoki kijijini kwetu Dunmire. Jimbo zima la Georgia likaukariri. Sasa nimeuchoka, na mke wangu Darla ameshafunga masanduku. Kesho tunahamia kwao, Oregon, upande wa pili wa Marekani.

Leo Jumapili nilikwenda kanisani kuwaaga wanakijiji. Kabla sijasema neno, Bi Earlene, mkubwa wa kwaya, akanikokota hadi makaburini, watu wote nyuma yetu.

"Zawadi yako, mwanangu," akasema, akavuta shuka.

Lilikuwa jiwe jeusi la kaburi, limechongwa banjo. Chini yake jina langu, Lonnie Tackett, mwaka niliozaliwa, kistari, kisha nafasi tupu.

"Bi Earlene, nina miaka thelathini na nne."

"Kwani nani kakuharakisha?" Watu wakacheka. "Utalala hapo, ubavuni mwa baba yako. Haya, tuchanie."

Simu ikatetemeka mfukoni. Darla alikuwa ameandika: "Umeshawaambia?"

Kwaya ikaanza kupiga makofi. Nikafungua mdomo niwaambie, yakatoka maneno yaleyale ya wimbo, ya siku zote: siondoki.