Pini ya Daktari Soksi

Nilimdanganya Daktari Soksi miezi mitatu mfululizo, na nilimdanganya kwa ufundi, maana mimi ni fundi.

Jina la Soksi tulimpa sisi wagonjwa, kwa sababu neno lake la kwanza kila asubuhi lilikuwa, "Haya, tuvue soksi." Alikuwa mtafiti kijana, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika vizuri. Utafiti wake ulihusu watu kama mimi, tulioumia uti wa mgongo tukapooza kuanzia kifuani au kiunoni kwenda chini. Alitaka kujua kama mazoezi mapya ya kiwiliwili yangetuwezesha kukaa wima bila kujishikiza.

Wewe unayekaa bila kufikiria unaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nilianguka kutoka kwenye ngazi nikimtundikia mteja pazia nililolishona mwenyewe, na tangu siku hiyo nikikaa lazima mkono mmoja uniegemeze, la sivyo naenda chini kama gunia. Sasa kitambaa hukatwa kwa mikono miwili: mmoja unabana, mwingine unashika mkasi. Fundi wa mkono mmoja hakati hata leso. Kwa miaka miwili duka langu la ushonaji lilikuwa mikononi mwa wifi yangu, mke wa kaka, mtu mwenye moyo safi na macho yasiyoujua mstari. Suruali akiikata yeye, mguu mmoja ni wa mwenye suruali na wa pili ni wa jirani yake. Nilitaka mikono yangu yote miwili, basi. Kutembea sikumwomba mtu.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa na vitanda vipana vya mbao, magodoro ya plastiki ya bluu, kioo ukuta mzima, na vifaa vichache mno kwa watu kumi na mmoja. Kwa hiyo palikuwa na sharti. Ambaye mpaka mwezi wa tatu hahisi chochote miguuni, mazoezi yake yanasimama, awapishe wengine. Wakubwa wa utafiti waliamini kwamba mwili usiohisi hautafaidika.

Kipimo chenyewe kilikuwa pini. Unafumba macho, Soksi anakugusa mguu, mara kwa ncha, mara kwa kichwa cha pini, nawe unasema "kali" au "butu" au "sihisi."

Jamani, pini! Nimeishi na pini midomoni miaka ishirini na nane. Miguuni sikuhisi hata moja. Lakini kila Soksi alipoinama kunigusa, kalamu zake tatu ziligongana mfukoni, na kila alipotumia ncha alibana pumzi, kwa huruma, kama anayemchoma mtoto sindano. Mtu wa kazi yangu hujifunza kusikiliza pumzi za watu, kwa maana mteja hasemi nguo inambana wapi.

"Kali," nikasema. "Butu. Kali." Mara mojamoja nilikosea makusudi, nisije nikatiliwa shaka.

"Mama, unaendelea vizuri sana!" Soksi akasema, uso ukamchanua mpaka nikaona aibu. Aibu ikapita, mazoezi yakabaki.

Na mazoezi yalinitoa jasho. Nilikaa kwenye ukingo wa benchi, mikono hewani, Soksi akinisukuma kidogo huku na kule nami nikipigana nisianguke. Wifi alisimama pembeni na mto.

"Wifi, leo umeanguka mara sita tu," aliniambia.

"Na wewe umeharibu suruali ngapi?"

"Tano. Nimekushinda."

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa kunyooka kama rula. Kila pini alijibu "sihisi," kwa sauti ileile, kama anayeita majina darasani. Mwezi wa tatu ulipofika, Soksi akamwita ofisini. Alipotoka, alikuja moja kwa moja kwangu akisukuma kiti chake polepole, mkoba mapajani.

"Nimetolewa," akasema. "Ndiyo sharti, tuliliwekea saini. Ila nilikuwa nimeanza kunywa chai bila kujishikiza. Juzi nilishika kikombe mkono huu, na gazeti mkono huu. Mke wangu akapiga picha." Akacheka kidogo. "Hongera, fundi. Wewe mwili wako umekubali."

Halafu akanikumbusha suruali niliyomwahidi, ile ya mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu: nyuma ipande juu zaidi, isiwe na mfuko wa makalio maana mshono wake hutoboa ngozi. "Ukipata mikono yako, unikumbuke," akasema, akaenda zake.

Nilijiona mwizi. Siwezi kulipamba neno hilo. Yule mzee alisema kweli akatolewa, mimi niliongopa nikabaki, na nafasi niliyoikalia ilikuwa yake. Wiki nzima nilikuwa mkali kwa kila mtu, wifi akaacha hata kunitania. Nilijua la kufanya, lakini pia nilijua kwamba nikilifanya mikono yangu inarudi kwenye kuegemea, labda moja kwa moja.

Siku ya kipimo Soksi akasema, "Haya, tuvue soksi." Kalamu zikagongana. Pumzi ikabanwa.

"Sihisi," nikasema.

"Jaribu tena, mama."

"Mwanangu, sihisi. Sijawahi kuhisi hata moja. Nakusikia wewe unavyopumua."

Nilifumbua macho. Nilitegemea atanionea huruma. Badala yake aliwaka. "Unajua nimeandika nini kwa miezi mitatu? Unajua watu watakaosoma hizi namba watawafanyia nini wagonjwa wao?" Akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo. Wifi akaniangalia, nami nikaanza kuvaa soksi zangu mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Alirudi baada ya kama nusu saa, macho mekundu, daftari kifuani.

"Mama, panda kwenye benchi."

"Si nimetolewa?"

"Panda kwanza."

Ukutani kando ya benchi palibandikwa futi kamba, kama ile ya shingoni mwangu dukani. Unakaa bila kujishikiza, unanyoosha mikono mbele hadi pale unapoweza bila kuanguka. Mwezi wa kwanza niliishia sentimita nne. Siku ile, kwa hasira na hofu yangu yote, nilifika kumi na tisa.

Soksi aliitazama futi muda mrefu. "Hii huwezi kuidanganya," akasema taratibu. "Huhisi kitu, na umefika kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba umefika kwa sababu unahisi." Akafungua ukurasa wa Mwalimu. Alikuwa ameanza na tatu. Siku anatolewa alikuwa kumi na moja. Hakuna aliyeitazama namba ile, kwa sababu sharti lilikuwa la pini.

"Watu wawili hawatoshi," akasema. "Ningepata wengine…"

Nikageuka nikawatazama wenzangu ukumbini. Wote walikuwa wamesikia, na wote ghafla walikuwa na kazi ya kufunga mikanda. "Semeni basi!" nikawapigia kelele. Mkono mmoja ukainuka, kisha wa pili, kisha wa mwenzetu mmoja, dereva wa lori, taratibu kabisa.

"Ulikuwa unafurahi sana, daktari," dereva akasema. "Tuliona vibaya kukuangusha."

Soksi akakaa chini sakafuni, akacheka huku anafuta machozi.

Ilichukua wiki saba na barua nyingi kwa kamati. Namba zetu za pini zikafutwa zote. Siku hizi tunapimwa na mtu mwingine, tukiwa tumevalishwa visikizio vinavyopiga muziki wa ovyo, na kalamu haziruhusiwi. Lakini sharti limeondolewa. Mwalimu amerudi kwenye kitanda chake na bado anasema "sihisi" kwa sauti ileile.

Jumamosi iliyopita nilitandaza kitambaa chake kwenye meza ya dukani, kijivu, kizito. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Nikauondoa, nikaulaza juu ya kitambaa. Niliyumba, nikatulia.

"Wifi, nikushike?" Alikuwa nyuma yangu na mto wake.

"Shika mdomo wako."

Nikakata mguu wa kwanza, nikapumzika, nikakata wa pili. Nikaulaza mmoja juu ya mwingine, nikavuta kingo kwa vidole. Miguu ililingana kuanzia kiunoni mpaka chini. Wifi akauweka mto sakafuni, akaanza kulia.