Laksa ya Mawifi wa Tengkera

Zamani, mgeni akifika hapa mtaani Tengkera akauliza wapi atapata laksa ya kweli, zile tambi zetu za mchuzi wa tui, jibu lilikuwa moja tu: kwa Bi Hiang. Wala hakuhitaji kuelekezwa. Angefuata harufu ya pilipili na uduvi vinavyokaangwa mpaka kwenye mlango wa kijani, akute watu wameinamia mabakuli sebuleni, jasho linawatiririka, hakuna anayesema neno. Mimi nashona viatu vya shanga nyumba ya jirani, ukuta wetu ni mmoja, na wateja wangu walikuwa wakiondoka na viatu vinavyonukia mchaichai.

Mumewe, Mzee Guan, alikuna nazi na kuosha vyombo. Ni mtu mpole, hana maneno. Mwenye maneno alikuwa Bi Hiang. Alikusema huku anakupakulia: "Wewe umenenepa, tui lako leo jepesi." Watu walikuja kula na kusemwa, na wakarudi tena.

Halafu akapata kiharusi. Alianguka jikoni asubuhi moja akiwa na chujio la tui mkononi. Aliporudi kutoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yote yamempotea isipokuwa moja: bado. Ukimuuliza kama amelala vizuri, bado. Ukimuuliza kama ana kiu, bado. Akikasirika alilirudia mpaka machozi yakamtoka, maana alijua anachotaka kusema na hakikutoka.

Na chakula akakataa. Uji aliunywa kidogo, kwa kubembelezwa. Mzee Guan alijaribu kumpikia laksa kwa mkono wake. Mke akaonja, akasukuma bakuli. Mimi pia niliionja ile laksa, na sitasema zaidi.

Wateja hawakuacha kuja. Siku moja nikamsikia Mzee Guan mlangoni akimwambia mama mmoja aliyetoka mji wa Muar na familia yake nzima: "Mke wangu anaumwa. Vukeni daraja, mwende nyuma ya soko, mumuulizie Gek Choo. Mtakula vizuri."

Nikaacha sindano. Gek Choo ni dada yake Mzee Guan, wifi yake Bi Hiang, na jina hilo lilikuwa halijatajwa kwenye nyumba ile tangu walipomzika mama yao.

Marehemu, Bi Puah, ndiye aliyewafundisha wote wawili kwenye jiko moja, binti yake wa kumzaa na mke wa mwanawe. Hiang hakuzaliwa kwenye nyumba za Kinyonya, yaani za Wachina waliochanganyika na Wamalai. Wazazi wake walikuwa wachimba bati wa huko bara, na aliolewa hajui hata kuchuja tui. Mawifi wale walipatana kama waliolala tumbo moja. Kisha Bi Puah akaugua, akawa hataki chakula ila laksa, tena hataki laksa ya mtu ila ya Hiang. Gek Choo alipika, akabeba bakuli mpaka kitandani, na mama akageuzia uso ukutani. Akapika tena, mama akageuka tena. Siku ya mazishi mgeni mmoja alimsifu Hiang kwa kumuuguza mkwewe, na Gek Choo akasema, nyumba nzima ikisikia: "Mtu wa kuja amenichukulia mama. Na laksa abaki nayo." Hiang, kwa mdomo wake ule, akajibu: "Mama aliujua mkono mzuri."

Ikawa basi. Gek Choo alihama, akafungua kibanda chake ng'ambo ya mto.

"Mzee," nikamwambia Guan, "unawapeleka watu kwa Gek Choo na mkeo yumo ndani anasikia?"

"Anasikia."

"Na akikasirika?"

"Jirani, natamani akasirike. Anashinda amelala, macho kwenye dari. Afadhali anitupie kitu."

Alichokitamani akakipata. Wiki ile ile, alipokuwa akiwaelekeza wageni wengine njia ya darajani, tulisikia kijiko kinagongwa juu ya meza ndani. "Bado, bado, bado." Mzee Guan akakimbilia maji, sio. Akapanga mito, sio. Nilipoingia Bi Hiang alinishika mkono wa nguo, akaonyesha mlangoni, kisha upande wa mto.

"Unataka kwenda kwa wifi yako?" nikamuuliza.

Kijiko kikatulia.

"Akamfanye nini?" Mzee Guan akaniuliza mimi.

"Akampige na hicho kijiko."

Bi Hiang akacheka, kwa upande mmoja wa uso, kicheko cha kwanza tangu augue. Mzee Guan akageuka kutafuta kiti cha magurudumu, na nadhani hakutaka tumwone macho.

Kutoka nje ilikuwa kazi. Alikataa kubebwa mpaka avikwe saruni na kebaya, ile blauzi ya kudarizi, nywele zichanwe na kubanwa. Nikamvisha viatu vyangu vya shanga, mguu ule mzito nikiuinua kama wa mtoto. Barazani tulishindwa kupita kwa pikipiki na vyungu vya maua, tukashuka barabarani, magari yakitupigia honi. Juani pale darajani Mzee Guan alipumzika, mimi nikasukuma.

Gek Choo alikuwa amesimama nyuma ya sufuria, upawa mkononi, kibanda kimejaa. Alituona tangu tulipokata kona. Hakuacha kupakua.

"Kaka," alisema tulipofika, "umechoka kuniletea wateja, sasa umeniletea mwenye duka."

"Ametaka mwenyewe."

"Anaweza kutafuna?"

"Anaweza. Ila hataki."

Gek Choo alitia tambi bakulini, akazikatakata kwa mkasi ziwe fupi, akaondoa kombe zinazoteleza, akamwaga mchuzi, akaweka bakuli mbele ya wifi yake na kurudi nyuma ya sufuria. Bi Hiang alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nusu ilimwagikia nguoni. Nusu aliimeza, akafumba macho.

"Bado," akasema.

Watu waliowajua mawifi hao waliacha kula. Uso wa Gek Choo ulibadilika.

"Bado nini? Amevuka mto kuja kuniambia bado mbele ya watu wangu?"

"Dada," Mzee Guan akasema haraka, "ndilo neno pekee alilobaki nalo. Hata akitaka maji anasema hivyo."

"Namjua huyu. Hii ni bado yenyewe."

Bi Hiang hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akionyesha kwa kijiko kikaango chenye viungo vilivyosagwa, kilichoepuliwa pembeni. Gek Choo akakisogelea, akakoroga. Mafuta yalikuwa hayajapanda juu; viungo vilikuwa bado vimeyanywa yote.

"Watu uliowaleta ndio wamenifanya niharakishe, kaka," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Akakirudisha motoni. Akakaanga, akainua macho.

"Bado," akasema Bi Hiang.

Akakaanga tena. Moshi ukatukohoza sote. Kila alipoinua macho alijibiwa neno lile lile, mpaka mafuta mekundu yakaelea na harufu ikageuka, ile ninayoijua mimi kupitia ukutani. Akainua macho, na safari hii Bi Hiang alikaa kimya.

Bakuli la pili alilimaliza. Mchuzi ulimfika kidevuni na kwenye kebaya, wala hakujali. Gek Choo alitoka nyuma ya sufuria, akamfuta kwa aproni yake, kisha akabaki amechuchumaa mbele ya kiti. Nilikuwa nimeshika kiti kwa nyuma, ndiyo maana nikasikia.

"Nilipompelekea mimi, aligeuzia uso ukutani, Hiang. Mama yangu mwenyewe."

Bi Hiang aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha wifi yake, vibaya vibaya, kidole kikamwingia sikioni. Akajaribu kusema. Likatoka neno lile lile. Akatikisa kichwa kwa hasira, akajaribu tena, midomo ikahangaika bila sauti.

"Basi," Gek Choo akasema. "Nimekusikia. Na mimi niliyosema siku ile, niliyasema."

Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi kukaangia viungo kwenye jiko la Bi Hiang, kisha anavibeba kwenda kibandani. Nawasikia kupitia ukutani. Mmoja ana maneno mengi, mwenzake ana moja, na mwenye moja ndiye anayeshinda. Msimu wa matunda ya durian ulipofika Bi Hiang alikuwa ameanza kukanyaga kwa mkongojo, na maneno yamemrudia machache: wifi, chumvi, na tusi moja ambalo sitaliandika. Mkono wa kulia haukurudi. Hatapika tena, na analijua hilo. Nimemkuta analia huku ameukamata mkono ule kama kitu cha mtu mwingine. Gek Choo naye amemkuta. Hakumpa maneno ya kumliwaza. Alimwekea rundo la majani ya kunukia ya laksa mapajani, akamwambia achambue, na asipochambua vizuri atasikia.

Mwezi uliopita ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Bi Puah. Kwa miaka mingi kila mmoja alimwandalia mama sadaka yake, huyu huku, yule kule. Safari hii lilikuwa bakuli moja mbele ya picha yake. Gek Choo alipika, Bi Hiang akanyunyiza majani. Gek Choo alisimama na udi mkononi muda mrefu kuliko sisi wote, mdomo unacheza, sikujua anamwambia nini mama yake. Udi ulipoungua mpaka chini, ndipo tunasema marehemu ameshakula, alilishusha bakuli, akachukua vijiko viwili, akaketi karibu na wifi yake.

"Imepoa," akasema. "Njoo tule."